Kidonda cha Mjomba

Novemba 2022 nilikuwa nyumbani Namasakata. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza na sina kazi. Namasakata iko mkoani Ruvuma, upande wa Tunduru, na mwezi huo kila mwenye mikono yuko shambani akiokota korosho. Mjomba wangu, mdogo wake mama wa tumbo moja, ana ualbino. Siku hiyo tulikaa chini ya mkorosho mkubwa tukitenganisha korosho na mabibo. Alikuwa amenipa ubavu wa kushoto, na kwa kukaa hivyo nikaona kidonda juu ya sikio lake.

Kilikuwa kidogo, kama punje ya mahindi. Katikati kulikuwa na gamba la kahawia na kingo zake zilikuwa zimeinuka. Alikigusa kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayefukuza nzi, damu ikatoka. Akaifuta na kuendelea na kazi. Nikamuuliza ameumia nini. Akasema kikapu kilimchubua. Nikauliza lini.

Akafikiri kidogo. "Kabla ya mfungo," akasema.

Mfungo wa mwaka ule ulianza mwanzoni mwa Aprili. Nilihesabu kwa vidole vilivyokuwa na utomvu wa mabibo: Mei, Juni, Julai, mpaka Novemba. Mchubuko wa kikapu hauishi miezi saba. Nikasema, "Pole, mjomba." Akajibu kwamba ameshapoa. Tukaendelea kutenganisha korosho.

Insha hii inahusu hilo neno "pole," na mwaka uliofuata baada yake.

*

Sikuwa mjinga wa nilichokiona, na hapo ndipo ugumu wangu ulipo. Miezi mitano kabla, tarehe 13 Juni, nilikuwa nimehudhuria maadhimisho ya Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino. Siku hiyo imeadhimishwa tangu 2015, baada ya Umoja wa Mataifa kuitangaza. Nilienda kwa sababu ya mjomba, nikakaa kiti cha mbele, nikaandika kwenye daftari. Daktari aliyezungumza alitupa kanuni rahisi: kwa mtu mwenye ualbino, kidonda kisichopona ndani ya mwezi mmoja ni cha kupelekwa hospitali, hata kama hakiumi. Alisisitiza hilo la kutouma. Watu wengi husubiri maumivu, na saratani ya ngozi mara nyingi huanza bila maumivu yoyote.

Alitueleza pia kinachotangulia. Kwanza ngozi hukauka na kutoa mabaka ambayo ukiyapapasa yanakwaruza kama msasa. Hayo bado si saratani, lakini ni ngozi iliyochoka. Baadaye moja kati ya mabaka hayo linaweza kuwa kinundu kigumu, au kidonda chenye kingo zilizoinuka kinachotoka damu kwa kuguswa tu. Mahali pa kutazama ni pale jua linapofika kwanza: masikio, midomo, pua, paji la uso, shingo, migongo ya mikono. Mjomba alikuwa na hayo yote kwenye sikio moja, na mimi nilikuwa na hayo yote kwenye daftari.

Sababu yake inaeleweka. Ngozi yangu ina melanini, rangi ambayo hunyonya sehemu kubwa ya mionzi mikali ya jua kabla haijaharibu chembe za ndani. Mwili wa mjomba hutengeneza melanini kidogo sana. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam kwa watu 350 wenye ualbino, na kuchapishwa mwaka 1985, ulionyesha kwamba madhara ya jua huanza utotoni na kwamba saratani huwapata wakiwa bado vijana. Kwa hiyo tumejua hili kwa miaka arobaini. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wenye ualbino 16,477 nchini, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mtu mmoja kati ya 1,400. Ulaya na Marekani ya Kaskazini ni mmoja kati ya watu 17,000 hadi 20,000. Yaani kwetu ni jambo la kawaida. Karibu kila kijiji kina mtu wake.

Kuna hesabu nyingine ambayo sikuifanya mpaka nilipokuwa nikiandika haya. Ualbino hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, na mara nyingi wenyewe hawana dalili yoyote, wamebeba tu. Babu na bibi yangu walibeba wote. Kila mtoto wao alikuwa na nafasi moja kati ya nne ya kuzaliwa na ualbino. Mama alizaliwa bila ualbino, lakini kuna uwezekano wa theluthi mbili kwamba naye amebeba. Kwangu mimi uwezekano huo ni theluthi moja. Ninapomtazama mjomba natazama kitu ambacho huenda kimo ndani yangu, kimelala. Tofauti ya maisha yetu ilipangwa na kitu mfano wa kurusha shilingi, kabla hata sijazaliwa.

*

Kwa nini basi nilisema "pole" na kunyamaza? Kwa mwaka mzima nilijipa sababu tatu. Nataka kuzipima moja moja, kwa sababu nadhani wengi wenu mnazo.

Ya kwanza ni heshima. Kwetu Wayao mjomba si ndugu wa pembeni. Ndiye anayesimamia dada zake na watoto wao. Akiongea kwenye kikao cha ukoo, mpwa anasikiliza. Mpwa hazungumzii mwili wa mjomba wake, seuze kumwambia kwamba mwili huo una ugonjwa unaoua. Nililelewa hivyo na siionei aibu. Lakini nikijiuliza heshima hiyo ilikuwa inamlinda nani, jibu linanikera. Mjomba hakufaidika chochote na adabu yangu. Aliyefaidika ni mimi: niliepuka nusu saa ya mazungumzo magumu. Heshima ambayo faida yote inabaki kwa mwenye kuitoa inahitaji jina lingine.

Ya pili: mimi si daktari. Hii inaonekana nzuri zaidi, kwa sababu ina sura ya unyenyekevu. Nani mimi niseme neno "saratani" barazani kwa watu? Nikikosea, nitakuwa nimemtia mtu hofu bure. Ila hakuna aliyenitaka nitoe jina la ugonjwa. Jirani akiona moshi kwenye paa lako hahitaji kuwa zimamoto ndipo apige kelele. Ningeweza kusema jambo ambalo nilikuwa na uhakika nalo kabisa: "Mjomba, kidonda cha miezi saba hakifai kukaa nyumbani." Sentensi hiyo haina utabibu wowote ndani yake. Kutokuwa na uhakika wa jibu kulinifanya nijione nimeruhusiwa kutouliza swali.

Ya tatu ndiyo ngumu, na bado sijaimaliza. Mjomba ametazamwa maisha yake yote. Akipanda basi, watoto wanageuza shingo. Akiingia soko la Tunduru, wapo wanaotema mate ya mkosi. Amewahi kuitwa zeruzeru na watu wanaomsalimia kila siku. Katika miaka ile ya mauaji, hasa Kanda ya Ziwa, vijana wa mjini waliokota neno "dili," wakawa wanalitamka akipita, wakicheka. Namasakata iko mbali na Kanda ya Ziwa, lakini kwa miaka kadhaa mjomba hakulala bila kuegemeza jembe mlangoni. Mtu kama huyo, nilijiambia, anastahili angalau mpwa mmoja ambaye hamkodolei macho. Nilijivunia kwamba mimi simtazami. Niliona ni zawadi yangu kwake.

Nadhani wengi wetu tuliosoma tunalo kosa hili. Tumefundishwa kwamba kukodoa macho ni ukatili, ikawa dawa yetu ni kugeuza macho pembeni. Kumbe anayekodoa na anayegeuza wanafanana kwa jambo moja: wote wawili hawajui sikio la huyo mtu likoje. Mmoja ameiona rangi ikamtosha, mwingine ameikwepa rangi akakwepa na kilichomo. Mjomba alikuwa na kijiji kizima cha watu waliomwona kila siku, na kidonda cha miezi saba ambacho hakuna aliyekisemea.

Kuna methali inayotumika sana kwenye misiba: mficha maradhi kilio humfichua. Huwa tunaielekeza kwa marehemu, kwamba ni yeye aliyeficha. Siku hizi nikiisikia najiuliza kama hakukuwa na watu kumi waliomsaidia kuficha, kila mmoja kwa "pole" yake.

*

Mwaka 1972 mwanafalsafa wa Australia, Peter Singer, aliandika insha ambayo kila mwanafunzi wa falsafa hukutana nayo mapema. Anatoa mfano wa mtu anayepita karibu na bwawa na kuona mtoto anazama. Kumtoa kutamchafulia nguo tu. Je, anapaswa kumtoa? Kila mtu hujibu ndiyo. Kutoka hapo Singer anajenga hoja kwamba ikiwa tunaweza kuzuia baya kubwa bila kupoteza kitu chenye uzito unaolingana nalo, tunawajibika kulizuia, hata kama anayeteseka yuko nchi ya mbali.

Niliusoma mfano huo Oktoba 2023, wiki za kwanza za uzamili, na nikashindwa kulala. Si kwa sababu ya watoto wa nchi za mbali. Nilichogundua ni kwamba bwawa la Singer ni jepesi mno. Mtoto anayezama anapiga maji, na kila apitaye anaona kwamba huku ni kuzama. Kidonda cha sikio hakipigi maji. Kinakaa kimya, hakiumi, mwenyewe anakiita mchubuko, na kinaweza kuchukua mwaka au zaidi. Ugumu wa kimaadili hauanzii kwenye kuokoa. Unaanzia kwenye kukubali kwamba ulichokiona umekiona, maana ukishakubali huna tena pa kukimbilia. Mimi nilisimama kando ya bwawa nikajishawishi kwamba mtoto anaogelea.

Na kabla msomaji mwenye ngozi nyeusi hajahitimisha kwamba haya ni mambo ya watu wenye ualbino pekee, nimkumbushe Bob Marley. Mwaka 1977 aligundulika kuwa na saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Kwa muda ilidhaniwa ni jeraha la mpira, kama mjomba alivyodhani ni kikapu. Alifariki tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36. Kwetu weusi aina hiyo ya saratani hupenda mahali ambapo hatutazami: nyayo, viganja, chini ya kucha. Doa jeusi jipya kwenye unyayo linalopanuka, au mstari mweusi chini ya ukucha mmoja unaozidi unene, si wa kuachwa. Kovu la zamani la moto, au donda la mguu la miaka mingi, nalo likianza kuota nyama au kubadilika, linahitaji daktari. Melanini ni kinga nzuri, lakini haifiki kila mahali wala haikingi kila kitu.

*

Desemba 2023 nilirudi nyumbani kwa likizo. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na watu walikuwa wanaandaa mashamba ya mpunga bondeni. Mjomba alinipokea kituoni na baiskeli.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Dar imekunenepesha."

Alikuwa amefunga kitambaa cheupe kikishuka kutoka kwenye kofia hadi chini ya sikio la kushoto. Kofia yenyewe ilikuwa ile ya darizi, ya kuendea msikitini, ambayo huvaa kila siku kwa sababu ni ya heshima. Haina ukingo. Nimeiona kichwani mwake tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kufikiri kwamba inafunika utosi na kuyaacha masikio yote mawili juani.

Mama alinieleza usiku ule. Mjomba alikuwa amekwenda zahanati moja mara mbili, akapewa dawa ya kupaka na vidonge vya kukausha. Mara ya tatu hakwenda. Kidonda kilikuwa kimekula sehemu ya juu ya sikio na kimeanza kunuka. Siku za Ijumaa alikuwa akikaa safu ya nyuma msikitini, karibu na mlango, ili asiwakere watu.

Baada ya swala ya isha nilimkuta barazani. Nilikuwa nimepanga maneno tangu kwenye basi, yote yakapotea.

"Mjomba, naomba ruhusa nikuambie jambo kuhusu hilo sikio."

"Sema."

Nikamwambia. Nilisema inaweza kuwa saratani, kwamba sina uhakika, kwamba wenye uhakika wako hospitali kubwa. Halafu nikasema lililokuwa limenikaa kooni: kwamba mwaka jana nilikiona, nilijua, na nikanyamaza. Nikamwomba anisamehe.

Alikaa kimya muda mrefu. Taa ilikuwa ndani, sikuuona uso wake vizuri.

"Niliona ulivyohesabu," akasema. "Pale chini ya mkorosho. Ulihesabu vidole halafu uso wako ukabadilika. Nikajua huyu ana kitu anakijua."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza nini, mwanangu? Wewe ndiye uliyesoma. Nilisema, akitaka kuniambia ataniambia."

Kwa hiyo kimya changu hakikuwa kimemficha chochote. Kilikuwa kimemwambia kwamba kuna jambo baya, kikamwachia alibebe bila jina. Mwaka mzima mjomba alijua kwamba mimi najua. Nimefikiria mambo mengi tangu usiku ule na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

*

Kumwambia kulichukua dakika kumi. Kilichofuata kilichukua miezi minne, na sikuwa nimekitazamia.

Nilidhani wajibu wangu ulikuwa kusema. Nikishasema, mzigo ungehamia kwake. Asubuhi mjomba aliniuliza swali moja tu: "Sasa tunaenda na nini?" Hakuwa na bima. Fedha za korosho zilikuwa zimeingia na kutoka. Bati za nyumba, ada ya mtoto, mbegu. Kutoka Tunduru hadi Songea ni zaidi ya kilomita 250. Barabara siku hizi ni ya lami, lakini nauli ni nauli, na mgonjwa hasafiri peke yake, na Songea mtu hula na kulala. Mama aliuza mbuzi wawili. Mimi nikatoa akiba yangu ya kuchapa kazi za chuo. Binamu yangu akaacha shamba akamsindikiza, kwa sababu likizo yangu iliisha kabla ya safari ya pili.

Daktari alimpapasa shingo kutafuta tezi zilizovimba, akakata kipande kidogo cha kidonda, kikapelekwa kupimwa. Tukasubiri. Majibu yalipokuja yalikuwa yale niliyoyaandika kwenye daftari: saratani ya tabaka la juu la ngozi, ile inayowapata zaidi watu wenye ualbino. Tezi zilikuwa salama. Aprili 2024 akafanyiwa upasuaji, wakaondoa nusu ya juu ya sikio na ukingo wa ngozi nzima kuzunguka. Kama ingekuwa imefika kwenye tezi, safari ingekuwa ya Dar es Salaam, Ocean Road, kwenye mionzi, na huenda hata mbuzi wa kijiji kizima wasingetosha.

Daktari alitueleza kwamba mabaka ya mwanzo, yale ya msasa, mara nyingi huondolewa kwa kugandishwa na nitrojeni ya baridi kali, dakika chache, mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Alisema bila kumlaumu mtu. Mimi nilitazama sakafu.

Nilichojifunza ni kwamba anayesema ameingia kwenye jambo. Huwezi kumwambia mkulima wa Namasakata "nenda hospitali" kama unavyomwelekeza mtu njia ya posta. Ukimwambia, umejiandikisha kwenye nauli, kwenye foleni, kwenye zamu ya kulala Songea. Nadhani kwa ndani nilijua hivyo tangu Novemba ile ya kwanza. Nadhani hiyo ndiyo sababu ya nne, niliyoifunika kwa zile tatu: niliogopa gharama.

*

Bado kuna suala la kinga, na hapa nina ugomvi na vipeperushi. Vinasema: epuka jua kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, vaa mikono mirefu na kofia pana, paka losheni ya jua kabla ya kutoka na urudie kila saa mbili. Yote ni kweli, na hata siku ya mawingu mionzi inapenya. Lakini kipeperushi kinazungumza na mtu mmoja, kana kwamba jua ni tabia mbaya yake binafsi, kama sigara. Anayelima mpunga bondeni hana mti wa kukaa chini yake. Kumwambia aepuke jua kwa saa sita za katikati ya mchana ni kumwambia aache kula, isipokuwa kuna mtu mwingine atakayezibeba hizo saa sita.

Kwa hiyo kikao cha ukoo kiliitwa, na mjomba mwenyewe ndiye aliyekiongoza, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu. Mambo yaliyokubaliwa yalikuwa madogo. Mjomba atafanya kazi alfajiri hadi saa tatu na kurudi shambani saa kumi na moja. Kazi ya bondeni mchana ni ya wapwa. Yeye achukue kazi za kivulini: kutenganisha korosho, kukausha na kupanga magunia, hesabu za chama cha msingi. Mama alimshonea mashati ya mikono mirefu ya kitambaa kizito. Kofia ya darizi imebaki ya msikitini, na shambani anavaa pama. Mwanzoni aliikataa, akasema inamfanya aonekane mtalii. Watoto walicheka, naye akacheka, akaivaa.

Losheni ndiyo ngumu. Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, kunatengenezwa losheni ya jua iitwayo Kilisun, mahsusi kwa watu wenye ualbino. Kitu hicho kinatengenezwa na Watanzania, kwa ngozi ya mjomba wangu, ndani ya nchi hii. Naona ni jambo la kujivunia. Lakini Moshi iko pembe nyingine ya nchi, na kwenye maduka ya mjini losheni ya jua hukaa kwenye rafu ya vipodozi, jirani na manukato, kwa bei ya vipodozi. Tunapoiweka pale tumeshatoa hukumu kwamba ni anasa. Kwa mjomba iko kwenye fungu moja na chandarua. Hakuna anayemwambia mtu wa Ruvuma kwamba malaria ni uzembe wake wa kutokimbia mbu.

Kama nilivyosema, tofauti kati yangu na yeye ilitokana na kurusha shilingi. Kinga ya jua niliyonayo sikuifanyia kazi. Sioni kwa hoja gani yule aliyekosa bahati hiyo aachiwe ainunue peke yake.

*

Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walizungumzia, mwaka 1976, kitu wanachokiita bahati ya kimaadili. Madereva wawili wanakuwa wazembe kwa kiwango kimoja. Mmoja anafika nyumbani, mwingine mtoto anaingia barabarani. Tunamhukumu wa pili kwa ukali zaidi, ingawa kosa la ndani ni lile lile. Nimekaa na mfano huo sana. Mjomba yuko hai. Mimi ni yule dereva aliyefika nyumbani, na watu wa ukoo wananishukuru kwa sababu "ndiye aliyeona." Tezi zingevimba ningekuwa nini, kwa kimya kile kile?

Nilimuuliza daktari kama ule mwaka mmoja ndio uliochukua sikio. Alisema hawezi kujua, na kwamba nisiulize maswali ya namna hiyo. Mjomba hajawahi kuniuliza.

Sasa kila mwisho wa mwezi, jioni, mama anamkagua. Anaanza na shingo, masikio, mabega, mikono, na anapapasa kwa ncha za vidole, akitafuta msasa. Kabla ya kuanza humwambia, "Mdogo wangu, niruhusu nitazame." Humwambia hivyo kila mwezi, ingawa yeye ndiye aliyemwogesha utotoni. Nilipokuwa nyumbani mara ya mwisho alinipa mimi zamu. Nikaomba ruhusa. Mjomba akavua kofia, akageuza ubavu wa kushoto kuelekea kwenye mwanga.

Nilikuta baka moja nyuma ya shingo, dogo, linakwaruza. Nikamwambia pale pale. Akasema, "Haya. Songea lini?"